Chuo kitupe nini kwanza: miche au ardhi?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili na katibu wa klabu ya mazingira katika chuo kimoja hapa kisiwani Mombasa. Nyuma ya hosteli zetu kuna uwanja wa kama eka mbili na nusu, wenye nyasi, vifusi na mawe, na upande wa chini unashuka mpaka kwenye mikoko. Novemba mwaka juzi palipandwa miche mingi, wageni wakaja, picha zikapigwa. Kufikia Machi iliyobaki hai ilikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Sasa tunataka kufanya kampeni chuo kitupe miche 5,000 tupande wenyewe, na tupande mikoko pia. Utawala umetuambia tulete pendekezo. Tuandike nini, na tufanyeje ili yasitupate yale yale?

JIBU: Bi Katibu, kabla kalamu haijagusa karatasi, fanyeni hesabu moja. Miti mikubwa hupandwa kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu, na kwa nafasi hiyo eka moja huchukua miche 450 hivi. Uwanja wenu wote, bila kutoa njia wala mabomba, ni miche 1,100 na ushei. Miche 5,000 inataka eka 11. Mkiilazimisha kwenye eka mbili na nusu, kila mche utapata mita mbili za mraba, kiasi cha mkeka wa kulalia mtu mmoja. (Iko njia ya kubana miche kwa makusudi, ile ya Mjapani Akira Miyawaki, lakini huanza kwa kuchimbua na kurutubisha uwanja mzima, na maji inayoyataka miaka ya mwanzo si ya klabu ya wanafunzi.)

Kwa hivyo pendekezo lenu lisiombe miche. Miche ndicho kitu rahisi kuliko vyote kukipata. Wafadhili wanayo na wanatafuta pa kuiweka. Ombeni ardhi kwa maandishi, maji ya miezi ya kaskazi, na mtu wa kuiangalia miti mkiwa likizoni. Tena ombeni eka moja tu kwa kuanzia.

Tuitazame kwanza ile iliyokufa. Mvua za vuli hapa huja kati ya Oktoba na Disemba, na mara nyingi ni chache na za kurukaruka. Mche uliotiwa ardhini katikati ya Novemba hupata wiki sita au saba za unyevu, kisha Januari inaingia: jua kali, upepo wa kaskazi, na mvua ya maana haionekani mpaka masika. Mizizi yake bado iko ndani ya lile donge la udongo wa kitalu, haijatoka kutafuta maji ya chini. Mche wa aina ile ile ukipandwa katikati ya Aprili, unapata masika yote, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote Mombasa, kisha manyunyu ya kusi ya Juni na Julai, halafu vuli. Ikifika Januari una miezi minane ya mizizi. Hiyo ndiyo tofauti, wala si mkono wa mpandaji. Tabu ni kwamba Aprili na Mei kwa vyuo vingi ni wakati wa mitihani, na Novemba ni wakati wa hafla. Kampeni yenu lazima ianze kwa kubishana na kalenda: mashimo Februari na Machi, kupanda mara tu ardhi inapolowa vizuri Aprili.

Sasa ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya kisiwa imekaa juu ya mwamba wa matumbawe, wenye udongo kiasi cha shibiri moja tu juu yake. Kabla ya kuchora ramani yoyote, pitieni uwanja na mtaimbo, ndoo ya lita 20 na chupa ya siki. Kila baada ya hatua ishirini pigeni mtaimbo na muandike unafika wapi: sentimita 20, 50, au haugusi jiwe. Chimbeni vishimo vya majaribio vitano au sita, mimineni ndoo nzima katika kila kimoja. Maji yakipotea kwa dakika chache, chini kuna nyufa za mwamba. Mti utashika lakini utataka samadi na matandazo mengi, kwa sababu hakuna kinachobaki. Yakikaa hadi kesho yake, mmechimba bakuli ndani ya jiwe, na mizizi itaoza humo Mei na kukauka Februari. Hapo ama mvunje sakafu ya shimo kwa mtaimbo hadi maji yapite, ama msogee. Halafu dondosheni siki kwenye udongo mkavu. Ukitoa povu, una chokaa nyingi, na hapa kwetu mara nyingi utatoa.

Povu hilo ndilo litakalochagua miti. Kwenye chokaa mche unashindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo udongoni. Majani machanga yanageuka njano huku mishipa yake ikibaki kijani, kama ramani ya mito. Watu wakiona vile humwaga mbolea ya yuria, na haisaidii, kwa sababu kilichokosekana si naitrojeni. Parachichi na mgrevilea kutoka bara huonyesha dalili hiyo mapema, kwa hiyo ikataeni kwa heshima hata ikiletwa bure kwa lori. Kwenye vifusi vya saruji hali ni mbaya zaidi. Vifusi viondolewe au viachwe rundo mahali pamoja, msipande juu yake.

Mfano wa kuuonyesha utawala uko Bamburi, mwendo wa matatu moja. Machimbo ya kiwanda cha saruji yalipoanza kurejeshwa mwaka 1971 chini ya René Haller, hapakuwa na udongo kabisa. Palikuwa na sakafu ya matumbawe na maji ya chumvichumvi chini yake. Kati ya aina 26 za miti zilizojaribiwa, tatu ndizo zilizosimama, na uliobeba kazi ni mvinje. Mvinje una vijidudu kwenye mizizi vinavyokamata naitrojeni ya hewani, kwa hivyo unaweza kuishi penye ufukara. Lakini majani yake kama sindano yalirundikana bila kuoza, mpaka majongoo walipoletwa wakayatafuna na kuyageuza udongo. Miti mingine iliingia baadaye, kivulini mwa mvinje. Mpangilio huo, mlezi kwanza na wenyeji baadaye, ndio unaofaa sehemu zenu ambazo mtaimbo haukuingia hata sentimita 30.

Kwa eka moja ningegawa hivi. Miche 100 ya mvinje kwenye jiwe tupu, na mkiiotesha wenyewe changanyeni kitaluni gao moja la udongo uliochotwa chini ya mvinje mkongwe, ili vijidudu vile vipate kuhamia. Miche kama 200 ya miti ya kwetu penye udongo wa wastani na wa kina: mkwaju, mbambakofi, mtalawanda (ule wa kuchongea mitalawanda, viatu vya mti vya zamani), mtondoo upande wa majini, mvule pale tu penye udongo mzito. Mibuyu sita au saba inatosha. Itazameni ile ya ufuoni Mama Ngina, hapa kisiwani, muone mmoja unakula nafasi gani. Mbegu ya mbambakofi ina gamba gumu: ikwaruzeni kwa tupa upande usio na kile kikofia chekundu, iloweni usiku kucha, na muihamishe ikiwa michanga kwa sababu mzizi wake mkuu unakimbia chini haraka na ukikunjika kifukoni mti haupati nafuu tena. Mwembe ukitakiwa, nao utatakiwa, uwe mbali na madirisha ya hosteli. Mawe ya kuangusha maembe hayachagui.

Mwarubaini siutii katika hesabu, na najua hapa nitaudhi watu. Dawa yake naiheshimu. Lakini ni mgeni kutoka Asia, ndege na popo wanausambaza, na ndani ya miaka michache unajaa chini ya kila mti mwingine. Mliyo nayo tayari ya kivuli iacheni. Miche yake inayoota ndani ya eneo ing'oeni.

Mmeona nimebakisha nafasi ya miche 150. Hiyo ni theluthi ya eka ambayo msipande kitu. Ng'oeni lantana na lukina, mimea ya kigeni inayovamia, kabla hazijazaa, zuieni fyekeo na moto, simikeni nguzo chache za ndege kutulia, muache. Ndege na popo wataleta mbegu za vichaka vya kienyeji bila ratiba ya mtu, na vitakavyoota vimekwisha chagua pahala pake. Kurejesha uoto si kupanda miti peke yake. Mara nyingine ni kuizuia mikono. Ila wekeni kibao kinachosema eneo hili limeachwa kwa makusudi, la sivyo msimamizi wa bustani atakuja "kulisafisha" wiki ya mahafali.

Shimo ni sentimita 60 kwa kila upande. Udongo wa juu wekeni kulia, wa chini kushoto, mawe kando. Penye mchanga mtu mmoja anachimba mashimo 20 kwa siku. Kwenye matumbawe, kwa sururu na mtaimbo, hata aliye hodari hafikishi sita. Hapa ndipo ratiba za klabu nyingi huvunjika: siku ya kupanda imefika, mashimo 60 ndiyo yaliyo tayari, miche iliyobaki inasokotwa kwenye vijitundu vya sentimita 20. Mkirudisha udongo, wa juu utangulie chini, ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza kabisa, debe moja kwa shimo. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inaita mchwa.

Mche mzuri una kimo cha sentimita 30 hadi 45, shina lililokakamaa, na wiki nne za mwisho ulikaa juani kitaluni ukipunguziwa maji. Mrefu wa kupendeza uliotoka kivulini unaungua siku ya tatu. Umwagilieni kabla ya kuupanda, kisha kifuko kipasuliwe na kutolewa chote. Nasisitiza chote: katika siku za kupanda kwa umati, wapo wanaokata kitako tu au kuushindilia mche na kifuko chake ili wamalize, na mizizi inazunguka humo mpaka inajinyonga. Kateni mizizi iliyojiviringisha chini. Shingo ya mche iwe sawa na uso wa ardhi, msiifukie. Shindilieni kwa kisigino, jengeni kibeseni cha upana wa mita moja chenye ukuta wa sentimita 10. Kwenye mteremko wa kuelekea majini kiwe nusu duara, kimekingama chini ya mche ili kuzuia maji yanayoshuka. Juu yake wekeni matandazo ya unene wa sentimita 10: nyasi kavu, makuti, au makumbi. Wauza madafu wana marundo ya makumbi wasiyojua pa kuyapeleka, na kumbi lililokatwakatwa hushika maji kama sponji. Yakae mbali na shina kiasi cha kiganja, maana yakiligusa mchwa anapata daraja.

Na sasa maji, ambayo ndiyo pendekezo lenyewe. Miche 300, lita 10 kila mmoja, mara mbili kwa wiki, wiki 12 kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi: ni lita 3,000 kwa zamu moja na lita 72,000 kwa kaskazi nzima. Kwa mitungi ya lita 20 ni mitungi 150 kila zamu. Mnaishi Mombasa, bei ya mtungi wakati wa ukavu wa mwezi wa pili mnaijua. Andikeni nambari hizo kwenye pendekezo bila kuzipunguza, kisha mseme yatatoka wapi.

Paa ndilo la kwanza. Mita 100 za mraba za mabati, mvua ya milimita 10 ikinyesha, zinatoa lita 1,000, na hata mkipoteza sehemu moja ya tano njiani ni 800. Tangi la lita 5,000 likiwekwa upande wa juu wa uwanja na mpira ukishuka kwa uzito wa maji tu, watu wawili wanamaliza zamu asubuhi moja. Tatizo, mvua ya kulijaza hainyeshi Februari. Kwa hivyo tangi lijazwe vuli na lifungwe kwa kufuli mpaka Januari, na matangi yawe zaidi ya moja au mkubali kununua maji ya bauza, yaani lori la maji. La pili ni maji ya viyoyozi yanayodondoka ukutani bure. Hayana chumvi, na kwa unyevu wa hewa ya hapa, mashine inayokesha ikifanya kazi miezi ya joto inaweza kujaza ndoo kwa siku. Wekeni mitungi chini ya ofisi na maabara. Maji ya suuza ya mwisho ya nguo yanafaa kwa zamu moja moja, ya sabuni nzito au dawa ya kupausha hapana.

Kisima cha kisiwani msikiamini hata kama kiko pale pale uwanjani. Vingi ni vya chumvichumvi, na chumvi inapanda kadiri ukame unavyokaza, wakati ule ule mnapoyahitaji zaidi. Onjeni kila mwezi. Dalili ya chumvi ni kingo za majani kukauka rangi ya kahawia huku kati pakiwa bado pa kijani, na ukoko mweupe juu ya udongo. Mche wenye dalili hiyo ukiongezewa maji yale yale unakufa mapema zaidi.

Tukifika kwenye kampeni yenyewe, ombi kubwa liwe ardhi. Watu humkumbuka Wangari Maathai kwa miche, lakini ugomvi wa Msitu wa Karura, Nairobi, wa 1998 na 1999, ambao wanafunzi wa vyuo vikuu waliuingia, ulikuwa wa ardhi: nani amegawiwa, kwa hati gani. Eka yenu pia ina mpango mahali fulani, labda maegesho, labda hosteli mpya. Ombeni nakala ya mpango mkuu wa majengo ya chuo. Chuo cha umma kinabanwa na Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayotoa siku 21 za kujibu. Andikeni barua hiyo kwa upole, haina haja ya kutaja mahakama. Kisha tembeeni mpaka wa eneo na simu inayorekodi alama za ramani, mchore mabomba na nyaya, na pendekezo libebe sentensi ya namna hii:

"Tunaomba Chuo kitenge eka moja iliyochorwa katika ramani tuliyoambatisha iwe eneo la kurejesha uoto wa asili kwa miaka kumi, kiiingize katika mpango mkuu wa majengo, na kusifanyike humo ujenzi, uegeshaji wa magari wala utupaji wa vifusi kabla ya kikao na klabu na barua ya sababu."

Sahihi 2,000 za wanafunzi ni nzuri kuambatisha, lakini kinachomsukuma afisa wa utawala ni kitu kingine. Taasisi za umma hutia sahihi mikataba ya utendakazi kila mwaka wa fedha, na tangu serikali ilipotangaza lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, ukuzaji wa miti umeingizwa humo. Yeye anahitaji nambari ya kuripoti. Mpeni nambari inayosimama ukaguzi: miti hai, iliyopewa namba, yenye mahali pake kwenye ramani. Na kwa kuwa mwaka wa fedha unaanza Julai 1, ombi la tangi na la kibarua wa likizo lifike mezani kabla bajeti haijafungwa, si Oktoba.

Atauliza usalama, na ana haki. Mwachieni mita tano wazi kando ya kila njia, matawi yakatwe hadi kimo cha mita mbili, taa zisizibwe. Atauliza nani atamwagilia mkienda kwenu. Jibu "wanachama" halitoshi. Andikeni majina ya wanaokaa Mombasa, zamu zao za Januari, na siku ngapi za kibarua zinazoombwa.

Wahudumu wa bustani waiteni kwenye kikao cha kwanza kabisa, si cha mwisho. Fyekeo na mashine ya kukata nyasi huua miche mingi kuliko watu wanavyodhani: kamba ya mashine ikizunguka shina mara moja, gome limetoka, na mche unaonekana mzima kwa wiki tatu kabla ya kunyauka. Wekeni kigingi kirefu kilichopakwa rangi nyeupe kando ya kila mche na mpalilie kibeseni kwa mkono. Mbuzi wa mtaani ni habari ya seng'enge, hakuna dawa nyingine.

Hesabuni Machi 31, kaskazi ikiwa imekwisha fanya kazi yake, si wiki mbili baada ya kupanda. Hai gawanya kwa iliyopandwa, mara mia, kwa kila aina. Iliyokufa msiitupe. Ing'oeni muione mizizi: imeviringika umbo la kifuko, imeliwa na mchwa, imeoza, au haikutoka kabisa kwenye donge. Kila moja ina kosa lake, na mtajua cha kurekebisha Aprili inayofuata.

Kuhusu mikoko, msianze nayo. Misitu ya mikoko iko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, hata ile inayogusa ua wa chuo, kwa hiyo ruhusa yake haitolewi na naibu chansela. Nendeni kwao na kwa kikundi cha jamii kinachotunza ufuo huo. Kosa la kawaida ni kuchomeka mkoko wenyewe (aina moja tu kati ya miti tunayoiita mikoko) popote penye matope kwa sababu mbegu yake ndefu ni rahisi kuokota na kusimika, wakati mstari wa mbele unaopigwa na maji ni wa mlilana, mkoko huja nyuma yake, na mkandaa na mchu hukaa huko juu. Pahala ambapo mikoko haijawahi kuota pana sababu. Na palipokuwa na mikoko ikafa, tafuteni kwanza kilichoiua: mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilifukia mizizi ya mikoko ya hori ya Mwache, hapa Mombasa, kwa udongo uliotoka bara. Kama uwanja wenu unamwaga udongo na vifusi mikokoni kila masika, vile vibeseni vya nusu duara na nyasi mlizoziacha zisimame huko juu vitaisaidia mikoko ya chini kuliko mbegu 1,000 mtakazozisimika matopeni.